KUH: SHILINGI 1,950 MLIZONIKATA KWENYE HUNDI YA PENSHENI

Kwa Meneja wa Tawi,
Moi Avenue, Nairobi.

Naandika kwa heshima, ijapokuwa yangu ilibaki pale dirisha nambari 4 Jumanne iliyopita.

Hundi ilikuwa ya 65,000, malimbikizo niliyoyafuatilia ofisi za pensheni, Bima House, miezi saba. Keshia wenu akanihesabia 63,050. Nilipouliza nyingine ziko wapi, aliinua hundi yangu kwa vidole viwili, kama anayeokota kitambaa cha kupigia deki, akasema hadi mlangoni wakasikia: "Mzee, kama hutaki kukatwa, irudishe kwa hiyo serikali yako." Foleni ikacheka.

Ubao wenu wa ada nimeusoma wote, mara mbili. Ada ya hundi ya serikali haimo. Risiti imeandikwa "ADA NYINGINE", basi. Nimefundisha hesabu miaka 31. Hiyo ni asilimia 3 kamili, na mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia nilimpa sifuri. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2013 unataka mteja aelezwe ada kabla ya kukatwa. Mnao, sina haja ya kuwatumia nakala.

Vidole viwili, Meneja! Kijana wa umri wa wale niliowashika mkono wakaandika majina yao. Sikumjibu. Nilihesabu tena huku mikono ikitetemeka, noti ya elfu ikaanguka, nikainama mwenyewe na goti hili, miwani nayo ikadondoka, na mlinzi akaniambia nisogee, nazuia watu. Aliyekuja kuniokotea miwani ni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ndiye pekee ambaye hakucheka. Na hapo nilikuwa nimeshasimama saa mbili, kwa sababu dirisha la wazee lilifungwa asubuhi ile, wahudumu wanakunywa chai.

Nilikaa chini kudai 1,950 tu. Sasa nataka pia barua ya radhi yenye sahihi yako, si ujumbe wa simu. Na kila mstaafu mliyemkata ada hiyo arudishiwe zake, maana siku ile sikuwa peke yangu.

Nawapa siku 14. Zikipita, Haile Selassie Avenue si mbali, nitakwenda Benki Kuu kwa miguu. Kisha Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambako kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 na wakili si lazima. Huko nitadai na fidia. Ibara ya 46 ya Katiba inaniruhusu.

Nimeambatisha nakala ya risiti. Yenyewe nalala nayo chini ya mto.

Mwalimu mstaafu,
mteja wenu tangu 1989.