Mtalii wa meli mwacheni atembee

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu alieandika kwenye ukurasa huu kwamba kila mtalii anaeshuka kwenye meli pale bandarini Malindi, hapa kwetu Unguja, alazimishwe kuchukua muongozaji, asiruhusiwe kuingia Mji Mkongwe peke yake, eti kwa usalama wake na kwa faida ya vijana wetu. Mie nna duka Hurumzi, nauza vikoi, kanga na viungo, na kwa heshima zote namwambia ndugu yangu huyo wazo hilo halifai, na wa kwanza kuumia tutakuwa sisi sisi.

Tuanze na bandari yenyewe, maana nahisi wenyewe hatuijui thamani yake. Bandari kadhaa kubwa za meli za kitalii haziko mjini hata kidogo. Anaeambiwa meli yake inafika Roma anashushwa Civitavecchia, kutoka hapo mpaka Roma ni kilomita 80 hivi, wa London anashushwa Southampton alafu atafute treni. Sasa hapa kwetu mtu akitoka geti la bandari akivuka barabara ya Mizingani tu kashafika, yuko uso kwa uso na ile Dispensari ya Kale ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizochongwa, jengo lililoanzwa 1887 likamalizika 1894 mwenyewe akiwa keshafariki. Akishika njia ya pwani anapita Mtini kwenye ule mti mkubwa, anapita Beit el Sahel, kasri la masultani wa zamani, anaiona Beit al Ajaib ya Sayyid Barghash ya 1883 (ile iliyoporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa 25 Disemba 2020, inauma mpaka leo), kisha Ngome Kongwe, kisha yuko Forodhani. Hana basi, hana teksi, na kwa mwendo wa mtu asie na haraka hata nusu saa haifiki. Bandari ya namna hii wenzetu wangeilipia pesa, sie tunataka kuiwekea geti jengine mbele ya geti.

Hilo la kupotea nalo watu wanalikuza. Kweli vichochoro vyetu vinazunguka, hata mie nikienda Kajificheni kwa mara moja moja huwa nasimama nifikiri. Lakini Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi, pande mbili bahari, upande wa tatu Darajani ambako zamani kulikuwa na mkono wa bahari unaotutenga na Ng'ambo mpaka ukafukiwa. Kwaio mtu akipotea aendelee kutembea tu, atatokea pwani au atatokea Darajani kwenye barabara kubwa, hakuna pa tatu. Na hapo katikati yupo mwenye duka, yupo mama anapika badia barazani, yupo mzee wa kahawa, atauliza atajibiwa. Watalii wenyewe ukiwasikiliza wakirudi kwenye meli wanachokisimulia ndo hicho, kwamba walipotea Kiponda wakatokea wasipopategemea.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi muongozaji hana kazi. Muongozaji mzuri mie namvulia kofia. Yupo mzee mmoja hupita mtaani kwetu na watu wawili au watatu, hawazidi hapo, anawasimamisha mbele ya mlango mmoja na wanakaa hapo muda mpaka mie dukani nachoka kwa niaba yao. Anawaonesha ule wa juu mraba na ule wa juu duara, kwamba wa mraba ni wa mtindo wa Kiarabu wa zamani zaidi na wa duara umekuja na mafundi wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, anawaekea kidole kwenye nyororo iliyochongwa pembeni ya fremu, chini mawimbi na samaki, anawaambia wako wanaosema nyororo ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara ya watumwa lakini yeye wazee wake walimwambia ni kuilinda nyumba na shari, na anawaachia wachague. Zile njumu za shaba zilizochongoka anawaambia kwao India zilikuwa za kuzuia tembo, huku kwetu ni pambo na kujionesha tu. Mtu yule akimlipa amelipa kitu.

Tatizo sio wote wako hivo. Wengine wamekariri kama kanda, wanasema yale yale kila siku na mengine sio kweli au hayana uhakika. Kule Mkunazini wanawaingiza wageni kwenye vile vyumba vya chini na kuapa kwamba ndimo walimofungwa watumwa kusubiri mnada, wakati wapo wanahistoria wetu wenyewe wanaosema jengo lile limejengwa na wamishenari baada ya soko la watumwa kufungwa 1873, kwa ajili ya hospitali. Soko lilikuwepo, dhulma ilikuwepo, kanisa limejengwa juu ya kiwanja chenyewe kwa juhudi za Askofu Edward Steere, mambo hayo yanatosha kumfanya mtu anyamaze, hayahitaji kutiwa chumvi. Na nyumba ya Freddie Mercury sasa, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Kijana alizaliwa hapa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, hilo halina ubishi, lakini nyumba walizokaa wazee wake zinatajwa tofauti kila mwenye kutaja, nishasikia muongozaji anaonesha nyumba kwa sababu tu ndo ilio karibu na mgahawa wa rafiki yake. Ukilazimisha kila mtalii achukue muongozaji, huyu wa pili hana sababu ya kusoma wala kujirekebisha, si mteja analetwa na sheria?

Alafu nije kwenye hilo la faida, maana hapa ndo mie nnapojua ninachokisema. Abiria wa meli kala melini, atarudi kula melini, kitanda chake kiko melini. Wengi wao safari zao za kutembea wamezinunua humo humo ndani, basi zinawasubiri gatini, wanapelekwa mashamba ya viungo Kizimbani au msitu wa Jozani kutazama kima punju, wengine boti mpaka kisiwa cha Changuu kwa makobe, wanarudishwa mpaka mlango wa meli. Mji wameuona kupitia kioo. Wale wanaoletwa mjini kwa makundi wanavalishwa stika ya namba kifuani, mbele yao mtu kashika kibao, wanapita Gizenga watu 40 kwa mstari mmoja, hamali na gari lake la mkono nyuma anapiga kelele njia njia hakuna anaesikia, na ukimtazama mama wa watu anaipenda kanga yako iliyoning'inia, anainyooshea mkono, kibao kishafika kona, anaiacha anakimbia. Mie siku hizo nauza kidogo kuliko siku isio na meli. Anaenunua ni yule alieshuka peke yake au na mumewe, kavaa kofia, hana haraka, anaingia anakaa, anauliza kanga imeandikwa nini, anakunywa chai, anaondoka na kanga mbili na karafuu. Huyo huyo huko mbele kashanunua madafu, kala urojo, kamlipa kijana wa kahawa pale Jaws Corner.

Na tuseme lile ambalo wenye maduka hatulisemi. Muongozaji akimleta mtu dukani anataka chake, na chake kinatoka kwenye bei. Kikoi ambacho mtalii akija mwenyewe nitamuuzia elfu ishirini, akija na mtu nyuma yake ananikonyeza inabidi niseme elfu thelathini na tano, nisiposema kesho haniletei na anawapitisha kwa jirani. Sio siri, mtaa mzima tuko hivo. Kwaio mtalii akilazimishwa muongozaji analipa mara mbili, kwa muongozaji na kwenye kikoi, alafu anakwenda kusema Zanzibar ghali.

Usalama sawa, lakini tuuangalie ulipo. Anaemtia hofu mgeni sio bibi wa Kiponda. Ni pale pale getini, mapapasi kumi, wale wanaowavizia wageni bila kitambulisho, wanamzunguka kwa pamoja, huyu anamshika mkono, huyu anamwambia mjini hatari bila mtu, mwengine anamwambia bure rafiki yangu sitaki pesa, na wakifika Forodhani hiyo bure inakuwa dola 30. Mtu mzima katoka melini na hamu yake anarudi ndani hata barabara hajavuka, nimehadithiwa hivo na zaidi ya mteja mmoja. Hilo la kutishwa likiondoka, nusu ya hilo neno usalama limeondoka nalo. Wenye vitambulisho vya Kamisheni ya Utalii wapangwe sehemu moja, kivulini, wakae kwenye viti, na ubao mkubwa uwekwe: kutembezwa masaa mawili bei hii, masaa matatu bei hii, kwa shilingi na kwa dola, kwa lugha nne tano. Anaetaka aende kwao, asietaka apite zake na salamu. Na ubao huo huo uwe na ramani, sio ya matangazo ya mahoteli, ramani ya mitaa yenye majina tunayoyatumia wenyewe, Malindi, Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Mkunazini, Minara Miwili, kwa sababu ile ya kwenye simu ukishaingia kati ya nyumba ndefu zile inakuonesha uko baharini.

Hapo hapo kwenye ubao yaandikwe na yetu, tusiwe wa kulalamika tu baadae. Mabega na magoti yafunikwe, huu mji wa watu wanaishi, kuna misikiti kila kona na watoto wanatoka chuoni kusoma Kurani. Usimpige mtu picha kama kima wa Jozani, muombe kwanza. Ikiwa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Ijumaa wakati wa sala usishangae maduka yamefungwa, subiri tutafungua. Mtalii akielezwa anafuata, mie ninaowaambia taratibu dukani wanavaa kanga hapo hapo na wanashukuru (na kanga wamenunua).

Mtu akiniuliza aanzie wapi peke yake nampa njia moja, kwa sababu asubuhi kuna kivuli na meli nyingi zinataka watu warudi alaasiri. Asianze na pwani, pwani haikimbii. Akitoka geti aende kushoto kidogo akaone mnada wa samaki soko la Malindi mapema kabla jua halijapanda, arudi apite Msikiti wa Mnara, aingie ndani Kiponda, atembee polepole mpaka Darajani kwenye soko la 1904, ashike Mkunazini, atoke Sokomuhogo anywe kahawa kwenye vile vikombe visivo mkono na kipande cha kashata, alafu ndo ateremke Shangani na kurudi kwa Forodhani na upepo wa bahari usoni mpaka melini. Anaetaka historia kwa kina amchukue mtu kwa kipande cha Mkunazini peke yake, sio lazima siku nzima. Vijana wetu wanaweza kuuza hivo hivo, kipande kipande, mbona wa kahawa anauza kikombe na sio birika.

Kuna la pikipiki na vespa vichochoroni, hilo linamkera mgeni na mwenyeji sawa sawa. Kichochoro upana wake mikono miwili ya mtu, kijana anapita anapiga honi toka mbali na hapunguzi, siku za meli nimeona wazee wa watu wanajibanza ukutani wanatetemeka. Kama kuna kitu cha kulazimishana basi ni hicho, siku meli imefunga gati pikipiki zisiingie ndani kuanzia asubuhi mpaka alaasiri, mizigo ibebwe na mahamali kama ilivokuwa.

Na vyoo jamani. Wanaoshuka kwenye meli zile wengi ni watu wazima, wastaafu, wametembea saa nzima juani na chupa ya maji mkononi, na ukishaiacha Forodhani ukaingia ndani mtihani. Wanaingia dukani kwangu sio kununua, wanauliza choo kwa aibu, na mie siwezi kumwambia mtu mzima hapana, nawapandisha juu kwa mama, wanapanda ngazi zetu zile za wima wanavuta pumzi, mama anawatolea kiti na maji na hawaelewani lugha lakini wanacheka. Kingejengwa kimoja safi Kiponda na chengine Sokomuhogo, mtu alipie mia tano, anaekitunza apate riziki yake, na mama yangu apumzike.

Wako,
Mwenye duka,
Hurumzi, Zanzibar