Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Baraza letu la Mji, Pemba: ukurasa upo, majibu hayapo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalamu alaykum.

Ukurasa wa Facebook wa Baraza hauna uhaba wa picha. Ukija ugeni, picha hupandishwa siku ile ile. Mwananchi akiuliza chini yake gari la taka linapita lini mtaani kwake, swali hulala hapo mpaka wenziwe wamjibu kwa kubahatisha.

Matangazo nayo yanaharibika njiani. Barua ya A4 inapigwa picha kwa simu, mhuri umekaa juu ya tarehe, kisha inarushwa WhatsApp, ambako picha hubanwa. Asiyeona, anayetegemea simu imsomee kwa sauti, haambulii kitu. Andikeni maneno yenyewe: jambo gani, wapi, lini, mwisho wa kupokea maombi, aulizwe nani. Picha ya barua ifuate kwa anayetaka kuuona mhuri.

Kundi la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024, na namba ya kila mmoja iko wazi kwa wote. Orodha ya kutuma kwa pamoja inaishia watu 256, tena humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Chaneli haina kikomo na inaficha namba, ila ni ya kutangazia, si ya kupokelea malalamiko.

Malalamiko yanataka daftari, hata likiwa la karatasi: namba, shehia, tarehe, ofisa aliyekabidhiwa. Mtu akileta picha ya mtaro ulioziba ajibiwe: “Namba 47, yuko nalo ofisa wa usafi, tutakujulisha Jumatano.” Jumatano ikifika na mtaro bado, aambiwe bado, na kwa nini. “Tumepokea, tunalifanyia kazi” si jibu. Halina mtu wala siku.

Kisha neno la siri. Ukurasa ukifunguliwa kwa simu binafsi ya ofisa, akihamishwa anahama nao. Ofisi inafungua mwengine, na ule wa zamani wenye wafuasi wengi unabaki gofu. Wawepo wasimamizi wawili, na namba iwe ya ofisi. Kwenye tovuti, cheti cha usalama kikiisha muda, simu humwonya anayeingia kuwa si salama, naye hurudi nyuma. Tarehe ya kukihuisha ibandikwe ukutani kwa mhasibu.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo tunaomba ada za soko na miradi ya kila wadi ziwekwe mtandaoni kwa maandishi, pamoja na jina la cheo cha atakayejibu maswali.

Wakaazi wa mji wako