Bustani za kiangazi Tabora: tuta la kuinuka halifai

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi, bustani nyingi za nyumbani hapa Tabora humwagiliwa asubuhi na jioni, na bado saa sita mchicha umelala. Jua ndilo linalolaumiwa, wakati kosa liko kwenye tuta. Tuta la kuinuka ni la masika. Mchanga wetu ukiinuliwa kiangazi, upepo unaukausha kila upande na maji yanatelemkia mferejini kabla ya kufika kwenye mizizi.

Chimba kitanda cha kuzama. Upana uwe mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga, na urefu mita 3. Toa udongo wa juu, kina cha sentimita 20, kisha tifua chini yake sentimita 20 nyingine. Nusu ya udongo uliotolewa itengeneze kingo. Nusu nyingine ichanganye na madebe matatu ya samadi iliyoiva na debe moja la udongo wa kichuguu uliopondwa, halafu irudishe. Mfinyanzi wa kichuguu hushika maji ambayo mchanga huyaachia, ila ukizidisha utapata tofali. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono. Ile mbichi huunguza miche.

Tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Mchwa watakuja, hilo halina ubishi, lakini nyasi zisipogusa shina watashughulika na nyasi. Ndoo moja ya lita 20 asubuhi inatosha kitanda kizima. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, sawa, lakini mita inahesabu.

Nyanya ndizo zenye vituko. Tunda likioza kitako, doa jeusi lililobonyea, wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Pesa imepotea: huo si ukungu. Mmea ukinyimwa maji siku mbili kisha ukafurikishwa, madini ya chokaa (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda. Mwagilia kwa kipimo kilekile kila siku. Majani yakiwa na vitone vya njano na utando mwembamba chini yake, huyo ni utitiri mwekundu. Si mdudu wa kawaida, na dawa nyingi za wadudu huua maadui zake tu, naye akazidi kuzaana. Nyunyiza maji chini ya majani asubuhi, na ng'oa miche iliyozidiwa.

Jambo linalotuudhi zaidi ni kupanda nyanya kwenye vitalu vya zamani vya tumbaku, eti kwa kuwa viko karibu na maji. Mimea hii ni ya ukoo mmoja na inaambukizana magonjwa. Mche ukinyauka mchana ilhali udongo una unyevu, ung'oe: mizizi ikiwa na vinundu kama punje za mtama, hiyo ni minyoo fundo, viumbe vidogo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na bilinganya na nyanya chungu zitapatwa vilevile. Hapo panda karanga misimu miwili. Pia, aliyetoka kushika tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kupogoa nyanya.

Mvua za Novemba zikianza, vunja kingo na uinue matuta, la sivyo vitanda vitageuka madimbwi na mizizi itaoza.

Wasomaji wenu,
Ipuli, Tabora