Usilitie maji kwanza

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila baridi imetukaba koo. Mama mkubwa na mguu wake? Nitampigia Ijumaa inshallah.

Nakuandikia mbiombio kwa ule ujumbe wako, kwamba Jumamosi unaliroweka zulia la ukutani la nyanya, lile la Alkaaba, kwa sabuni ya unga na maji moto. Nakusihi, usilitie maji kwanza!

Wiki iliyopita nilikwenda Mechelen, mji wa huku Ubelgiji, kwenye karakana ya De Wit, ambako watu wa nchi nyingi hupeleka mazulia ya ukutani ya kale yasafishwe. Wenzetu kabla ya kuosha huijaribu kila rangi peke yake: tone la maji, karatasi nyeupe juu, wanatazama kama inachuja. Wala hawawasahau mafundi wa juzijuzi waliotia viraka. Nyuzi zao pia hujaribiwa. Kisha zulia hulazwa juu ya meza pana yenye wavu, hunyunyiziwa maji mepesi kama ukungu na sabuni kidogo, na chini mashine inavuta hewa. Maji hupenya, hushuka na uchafu, zulia halitikisiki. Hakuna kusugua wala kukamua, na kambani haliendi! Sufu ikilowa huwa nzito, na hariri iliyopigwa na mwanga karne nzima hukatika kwa uzito huo.

Nilisogea karibu na moja. Miti yake yote buluu. Kumbe ilikuwa kijani. Manjano ilipauka, buluu ikabaki peke yake. Na palipokuwa na nyuzi za kahawia iliyokolea, umebaki mtande mtupu, zile nyuzi za msingi! Rangi ile ilishikizwa kwa chuma, na chuma hula sufu polepole. Sabuni gani itarudisha hilo?

Hapohapo ndipo yalipooshwa mazulia 13 ya kisa cha Gideoni wa Biblia, ya jumba la Hardwick Hall, Uingereza. Yalifumwa 1578, Bess wa Hardwick, bibi mwenye jumba hilo, akayanunua 1592, akapunguziwa pauni 5 kwa kuwa yalikuwa na nembo ya mwenyewe wa kwanza. Akabandika yake juu. Kuyasafisha na kuyashonea kitani mgongoni kulichukua miaka 24, hadi 2023. Nawe unataka kumaliza la nyanya kabla ya adhuhuri!

Lishushe tu, mlishike watu wawili. Litandike mkekani, juu weka kipande cha chandarua, upitishe mashine ya vumbi kwa nguvu ndogo, mbele na nyuma. Ukiliweka, lizungushe kwenye bomba, usilikunje. Na ukutani lisirudi mkabala wa dirisha, tafadhali.

Niambie: ni sufu au nailoni? Ule wekundu wa pindo ukiugusa na pamba yenye unyevu unachuja? Nyanya alirudi nalo Makka, au lililetwa na wa jahazi? Fundi wa Bondeni umeshampa? Na ile alama ya kaa la ubani, la usiku wa harusi yako, bado ipo? Usimruhusu aizibe.

Wako,
wa Ubelgiji