Risala ya Wauguzi wa Zahanati na Vituo vya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Muuguzi Mkuu wa Wilaya,
Waganga Wafawidhi, wajumbe wa kamati za afya, wauguzi wenzetu na ndugu wananchi,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wauguzi wote wa zahanati na vituo vya afya vya wilaya hii, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, tarehe 12 Mei. Wengi wetu tumeacha zahanati zikiwa na mtu mmoja tu zamu, kwa hiyo tunaomba tuingie moja kwa moja kwenye jambo tulilokubaliana kukueleza: namna muuguzi wa ngazi ya msingi anavyoamua la kufanya juu ya mgonjwa mtu mzima, na kile anachokikosa wakati anaamua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, saa 2 asubuhi benchi la zahanati limeshajaa. Tabibu ni mmoja, na siku akiitwa semina hayupo. Anayewatazama wagonjwa wa kwanza ni muuguzi. Nani aingie sasa hivi, nani anaweza kungoja, na nani atafutiwe usafiri hata kabla hajafunguliwa faili? Uamuzi huo hauna safu yake kwenye madaftari ya MTUHA tunamoandika taarifa za huduma, lakini mengine yote yanayompata mgonjwa siku hiyo yanaanzia hapo.

Wakati wa masika aliletwa mzee wa miaka kama 60, amepakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mwanawe. Homa ya siku tatu. Kipimo cha malaria cha MRDT kikasoma hasi. Miaka ya nyuma tungempa dawa mseto hivyo hivyo, arudi nyumbani. Mwenzetu aliyekuwa zamu alimshika mzee mkono kama anayepima mapigo, ili asijue kwamba anahesabiwa pumzi, akainua saa yake ya kifuani na kuhesabu dakika nzima. Pumzi 34. Presha 96 kwa 58. Alipomuuliza, "Baba, leo siku gani?" mzee akajibu kwamba ameshakula. Homa, pumzi za haraka, presha ya chini na maneno yasiyoshikana: hapo hakuna kilichohitaji maabara. Akampigia simu tabibu, akamwekea dripu, akampa dozi ya kwanza ya antibayotiki kama alivyoelekezwa, kisha akaandika rufaa. Habari za mzee huyo tutazirudia.

Hatukuja kujisifu tu. Mwaka jana, katika kituo kimojawapo ambacho sisi wenyewe tunafanyia kazi, alikuja baba mwenye kisukari akasema ana kiungulia. Asubuhi ilikuwa ya baridi, naye shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Tulimpa vidonge vya magnesiamu, akaenda zake. Usiku akarudishwa amebebwa, na hatukuweza kumwokoa. Darasani tulifundishwa kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua. Tulilijua hilo. Kilichotuponza ni kwamba mgonjwa alisema "kiungulia", nasi tukalipokea neno lake kama jina la ugonjwa, tukaacha kumtazama. Tulikaa wote, tukalisema jambo hilo bila kumnyooshea mtu kidole, na tangu siku hiyo tuna kanuni: mtu mzima anayetoka jasho pasipo joto haondoki kabla hajapimwa mapigo, presha na sukari, na kabla tabibu hajaambiwa.

Yako pia maamuzi ya polepole, ambayo hayana king'ora. Mama mmoja muuza vitumbua alikuja kuchukua dawa zake za presha, mashine ikasoma 182 kwa 106. Ilikuwa rahisi kuandika kwamba dawa hazimsaidii, aongezewe. Muuguzi alimkalisha dakika 5, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga chini. Akabadilisha kafu, ule mkanda wa mashine unaofungwa mkononi, maana ile ya kawaida ilikuwa ndogo kwa mkono wake, na kafu ndogo husoma juu kuliko presha ilivyo. Sasa ikawa 164 kwa 98. Ndipo akamuuliza taratibu, "Mama, vidonge vya mwezi huu vimebaki vingapi nyumbani?" Vilibaki 14 kati ya 30. Alikuwa anameza leo, kesho anaacha, kwa sababu mwezi uliotangulia alikuta dawa zimekwisha, naye aliogopa kuishiwa kabisa. Mama huyu hakuhitaji dawa kali zaidi. Alihitaji kuhakikishiwa kwamba akija atazikuta. Swali lile moja, ukimuuliza mtu kwa kumsuta, atakudanganya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muulize muuguzi yeyote hapa pumzi ngapi kwa dakika ni za haraka kwa mtoto wa miezi 6. Atajibu 50 bila kufikiri, kwa sababu chati za IMCI, za kuhudumia watoto wagonjwa, zimetulea tangu chuoni. Muulize kuhusu mtu mzima, wengi watasita. Kawaida ni 12 hadi 20, na zikizidi 30 ni hatari, lakini namba hizo hazijabandikwa ukutani. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu tunao na tunauheshimu, ila umepangwa kwa majina ya magonjwa, na mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anakuja na kizunguzungu. Anakuja na kichwa. Ombi letu la kwanza ni chati ya watu wazima inayoanzia kwenye dalili, iandaliwe pamoja nasi, ya ukurasa mmoja au miwili, ibandikwe kila chumba cha huduma.

Ombi la pili ni fupi: kafu kubwa, na stripu za kupimia sukari zisikatike. Mtu ambaye sukari yake imeshuka na mlevi wanaweza kuyumba sawasawa, na bila stripu tunabahatisha.

Ombi la tatu ndilo lililotuleta. Tunaomba majibu ya rufaa. Kwamba mzee yule wa bodaboda alipona, tulijua baada ya wiki 3, mwanawe alipotuletea mkungu wa ndizi. Ndizi ndizo zilizotuambia kwamba muuguzi wetu aliamua sawa. Kwa wale ambao ndugu zao hawarudi, hatujui kama tuliwahi au tulichelewa, kama ilikuwa nimonia au kitu ambacho hatukukiwaza kabisa. Muuguzi anaweza kutuma rufaa miaka 10 na kukosea jambo lile lile miaka 10, kwa nia njema, kwa kuwa hakuna aliyemrudishia neno. Tunajua hospitali ina msongamano. Hatuombi ripoti. Mistari mitatu kwa ujumbe wa simu inatosha, bila jina la mgonjwa, kwa namba ya rufaa tu: mlikuta nini, mlifanya nini, sisi tungefanya nini mapema zaidi. Akitajwa mtu mmoja hospitalini wa kuisimamia kazi hiyo, tutampokea kama mwalimu wetu.

Tumekuja na nakala ya daftari la rufaa la zahanati moja. Majina tumeyaacha, tumenakili namba na tarehe peke yake. Safu ya mwisho imeandikwa "Majibu", nayo ni tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tunakuomba ulipokee kutoka mikononi mwetu.

Tunaomba kuwasilisha.