Yule si minde, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hutufikia hapa Mang'ula na basi la Ifakara, mara nyingi likiwa la jana, na miaka yote nimelisoma na kunyamaza. Mlipotuhamishia mkoa wa Iringa, sisi wa Morogoro, nilinyamaza. Mlipomwita mbega kima nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa utalii, yenye picha kubwa na maneno “Minde akijivinjari mbele ya watalii”, imenishinda.

Mnyama yule si minde, swala wa msituni wa jamii ya funo. Ni mbawala, tena jike. Ana madoa meupe mapajani, hana pembe, na amesimama kwenye nyasi, jua la mchana likimpiga mgongoni. Minde hana madoa. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, na akiwa kivulini utaapa ni mweusi. Uso una kijivu, na katikati ya pembe ana kishungi cha nywele za wekundu wa kutu. Pembe wanazo wote, dume na jike, fupi, zimelala kuelekea nyuma. Uzito wake unapita kilo 50. Katika ukoo wake ni miongoni mwa wakubwa kabisa barani Afrika, pamoja na yule mwenye mgongo wa manjano wa misitu ya Kongo na magharibi. Mkaandika pia kwamba anakula nyasi. Nyasi za wapi, chini ya miti ile? Anaokota matunda yaliyoanguka, anakula majani, na amewahi kunaswa na kamera akiwa na chura mdomoni. Hilo la chura peke yake lingewauzia nakala nyingi kuliko picha ile.

Wanasayansi walimwandika mwaka 1890, kutokana na mnyama aliyepatikana Kilimanjaro. Picha yake ya kwanza akiwa hai msituni ilipatikana mwaka 2003, huku kwetu kwenye milima ya Udzungwa, kwa kamera iliyofungwa kwenye mti na kujipiga yenyewe bila mtu kuwepo. Hesabu hapo katikati ni miaka zaidi ya mia moja. Mwandishi wenu yeye kampata mchana mmoja, na bado akawahi chakula hotelini. Hongera zake.

Wiki ile ile habari ilipotoka nilipata wageni kutoka Dar, familia nzima, na baba yao ameukata ukurasa wenu na kuukunja mfukoni. Hatujafika hata kwenye kijito cha kwanza akaniuliza minde tutamkuta saa ngapi. Saa ngapi! Nikamweleza taratibu, maana mgeni ni mgeni, kwamba minde mchana hujificha kwenye vichaka vizito na usiku ndio hutembea. Kwamba wapo wazee waliozaliwa chini ya mlima huu ambao hawajamwona hata mara moja, na baadhi ya waliomwona walimkuta keshakufa kwenye mtego wa waya. Akanifunulia gazeti. Mbele kidogo funo akakatiza njia, mwekundu, mdogo, kilo kumi na tano hivi, na watoto wote wakapiga kelele “Minde!” Nikasema hapana, huyu ni funo, tazameni wekundu wake, tazameni udogo wake. Baba akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaniuliza kama mimi najua kuliko gazeti. Nikarudi jioni bila bakshishi, na hilo nimelizoea. Lililoniuma ni la kesho yake. Watu wale wale walichukuliwa na mwenzangu mmoja, sitamtaja, naye alipomwona funo wa kwanza akanong'ona, “Huyo hapo, kimya, ndiye minde wenyewe.” Wakapiga picha kichaka kinachotikisika. Wakamkumbatia. Wakampa bahasha. Sasa niambie, Mhariri, hawa vijana wanaojifunza kazi kwetu wamfuate nani?

Na usidhani nadai mnyama huyu haonekani kabisa. Anahitaji mtu wa kukaa. Unatafuta mti unaodondosha matunda, unatazama vichochoro vilivyopita chini ya vichaka kwa kimo cha paja, unajua upepo unatoka wapi, unaacha manukato nyumbani, na unakuwa umeshatulia kabla hakujapambazuka. Ukikuta kinyesi usikimbilie kusema ni chake. Watafiti wenyewe walikiokota wakakipeleka maabara kupima vinasaba, kwa sababu kwa macho cha minde na cha wenzake kinachanganya. Ukipata bahati, utakachoona ni nusu ya mnyama, kwa muda wa kupumua mara mbili.

Na hapo hapo niseme la spika. Nani aliwaambia watu wa mjini kwamba maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji yanayoanguka, hayana sauti ya kutosha mpaka waongezewe muziki? Wanapanda na spika imening'inizwa kwenye begi, nyimbo zinatutangulia bondeni, mbega wanahama, ndege wanahama, hondohondo uliyemsubiri tangu asubuhi anapiga mabawa na kwenda zake, kisha mtu yule yule mwenye spika anaandika kwenye simu yake kwamba Udzungwa hakuna wanyama. Ukimwomba azime anakwambia amelipa kiingilio. Amezoea kuona simba Mikumi akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, redio inaimba, na simba hajali. Msitu haupo hivyo. Lakini nani atamweleza, ikiwa gazeti lenyewe linamwambia minde anajivinjari?

Ninachopendekeza ni hiki. Mwandishi wenu simtaki aombe radhi. Namtaka aje akae nami juu ya gogo, kuanzia saa kumi alfajiri, wakati wa mvua, simu ikiwa imezimwa, hadi atakapomwona minde. Mishahara yake mtakuwa mnanitumia mimi nimkabidhi.

Ikiwa hilo ni gumu, basi gazeti lenu ligharamie ubao mmoja wa kusimikwa hapa kijijini, pale wageni wanaposhukia. Uchorwe wanyama wanne: ndimba, funo, mbawala na minde, wote kwa ukubwa wao halisi, na pembeni mguu wa mtu hadi gotini ili mgeni apime. Ila wasichorwe kwa ubavu kama kwenye vitabu. Wachorwe kwa nyuma, matako na mkia, kwa sababu ndicho kitu pekee mnyama wa msituni anachokuonyesha. Mbawala na mkia wake wenye weupe chini. Funo mwekundu mtupu. Minde giza tupu, nyuma ya majani mengi. Mchoraji tunaye, ndiye aliyechora ng'ombe wa kwenye bucha letu na kila mtu anamtambua kuwa ni ng'ombe. Malipo yake hayafiki bei ya tangazo lenu la nusu ukurasa. Rangi nyeusi ndiyo itakayoisha haraka, kwa hiyo mkituma, tumeni makopo mawili.

Ni mimi,
Mwongoza watalii,
Mang'ula, Kilombero