Gari mnapeleka gereji, karavani je?

Mhariri, salamu nyingi. Mie ni fundi wa trela hapa Changamwe, na kila Disemba ikikaribia naona gazeti lenu linawakumbusha madereva wa mabasi na matatu wapunguze mwendo, sawa kabisa, lakini hawa wenye karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu, na vitrela vya kuvutwa na gari ndogo hakuna anayewasemesha. Mtu anataka kupeleka familia Naivasha ama Nanyuki, hoteli anaona bei imemshinda, basi anatoa karavani nyuma ya nyumba huko Nyali au Mtwapa ilikokaa tangu likizo ya mwaka jana, anaiosha, anaifunga nyuma ya gari, haya twende.

Gari yenyewe imefanyiwa sevisi, oili mpya, breki padi mpya, mpaka waipa. Karavani imeoshwa tu.

Juzi kati alikuja mteja nimchomelee ngazi ya mlangoni, nikainama nikaona tairi zina nyufa ndogo ndogo ubavuni, nikamwambia bwana hizi zimekwisha, akacheka, "Fundi, angalia meno, hata hazijatembea." Ni kweli meno yalikuwa mazima. Lakini mpira unazeeka hata ukisimama, na hapa pwani jua linaupiga mchana kutwa, upande mmoja umebeba uzito mwaka mzima bila kugeuzwa. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, tafuta herufi DOT halafu tarakimu nne za mwisho, 1114 ni wiki ya 11 ya mwaka 2014, na saa nyingine zimeandikwa upande wa ndani tu kwa hivyo itabidi uingie chini uchafuke kidogo. Uingereza kwenye karavani nyingi wanashauri tairi ibadilishwe ikifika miaka 5 na isipitishe 7, hata kama meno bado yapo. Tairi za yule mteja zilikuwa za kale.

Halafu beringi, zile golori za katikati ya gurudumu. Chumvi ya pwani haina huruma na chuma, na girisi iliyokaa muda mrefu inakauka ama inaingia maji. Hasa trela za boti, manake watu wanafika ufukweni magurudumu yamepata moto wanayatumbukiza baharini hapo hapo, ile hewa ya ndani inapoa ghafla inanywa maji ya chumvi kupitia sili, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Fungua, osha, weka girisi mpya, badilisha sili, si kazi ya pesa nyingi. Ukianza safari simama Mariakani, weka mkono katikati ya kila gurudumu. Ikiwa vuguvugu hakuna neno, ikikuunguza kuna beringi inakufa ama breki imeshika, usiendelee, manake Taru na Tsavo si mahali pa kutafuta fundi na usiku ndovu wanavuka barabara. Hapo hapo kaza nati za magurudumu tena, zilizofunguliwa karibuni hulegea.

Ila kinachonisumbua zaidi ni upakiaji. Sisi watu wa Mombasa tushazoea shida ya maji, hatusafiri bila madumu, na madumu yote yanatupwa nyuma kabisa karibu na mlango wa karavani, pamoja na magunia ya nazi ya kupelekea wajomba bara. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20, matano ni kilo 100, ziweke nyuma ya ekseli, ile fimbo inayobeba magurudumu, uone zinavyoinua pua ya karavani, yaani mbele inapofungwa na gari. Pua inatakiwa ilalie gari kiasi, kwa karavani ya kilo 1,200 iwe kama kilo 60 mpaka 84 hivi. Ikiwa nyepesi, siku unapishana na lori la kontena kwa mwendo ule upepo wake unaisukuma, inaanza kuyumba kushoto kulia na gari inafuata. Ikitokea usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mafuta eti uinyooshe, toa mguu tu, shika usukani sawa mpaka itulie. Mizigo mizito iwekwe chini, juu ya ekseli, vyepesi ndio viende makabatini. Na kitabu cha gari kinasema inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, kisomeni, nimeona gari za ajabu zikivuta vitu vya ajabu.

Gesi nayo, funga mtungi wenyewe kabla ya kuondoka, si jiko peke yake. Yale matundu ya sakafuni watu wanayaziba kwa sababu ya vumbi na mende, jamani yaacheni, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na njia yake ya kutoka ni hapo.

Taa mjaribu na mtu amesimama nyuma, breki, indiketa zote mbili, plagi ikiwa na kutu ipigwe msasa. Spea ibebwe ya karavani, ya gari mara nyingi haiingii. Na kurudi msisahau mnatoka mita zaidi ya 1,600 za Nairobi mpaka usawa wa bahari, mteremko wa Mazeras shukeni na gia ndogo, breki zisichemke.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwenye kurasa za matangazo. Watu wanauza karavani za mitumba na kuandika "tairi mpya" bila kusema za mwaka gani. Waambieni waandike zile tarakimu nne.

Fundi wa trela,
Changamwe, Mombasa